Eti "kaokote mwingine Deep Sea"! Yule wa duka la dawa leo kanivuruga

Mama_Kipusa:
Wadau, nimeingia ndani sasa hivi, hata baibui sijavua, naandika mikono inatetemeka. Jina simtaji. Wa hapa Tanga, wa Ngamiani mnamjua, wa Chuda mnamjua, yule ukimuuliza bei ya panadol anakujibu kama vile una deni lake.

Paka wangu Kipusa ana kisukari. Juu ya kisukari utumbo wake umevimba, anatapika, anaharisha. Daktari wa mifugo kamwandikia insulini, dawa ya kuchoma ya kushusha sukari, uniti 1 asubuhi na uniti 1 jioni, zipishane saa 12. Nimekwenda na cheti mkononi, nimepanga foleni kistaarabu. Nikasema naomba insulini na mabomba yake ya sindano. Akauliza mgonjwa ana miaka mingapi, nikamjibu tisa. Akaanza na pole, oh, mtoto masikini. Nikamwambia ni paka.

Jamani! Alinitazama kuanzia mtandio mpaka kandambili, akasema mbele ya umati: "Paka? Dada, kaokote mwingine Deep Sea." KAOKOTE MWINGINE DEEP SEA! Yaani kule soko la samaki, kwenye paka wasio na mwenyewe! Akamwita na mwenzake kutoka stoo aje asikie. Wakacheka mpaka nadhani Raskazone walifunga madirisha.

Halafu akanitolea bomba la cc 5, yaani mililita 5. Mililita moja ya insulini ile ina uniti 100! Mimi nachoma uniti 1! Bomba la insulini lina mistari myembamba, unaivuta dawa huku umeshika pumzi, unafinya ngozi ubavuni, unachoma kidogo tu. Bomba la cc 5 ungewachanja ng'ombe wote wa Pongwe. Huyo ndiye anayenicheka mimi.

Na hajui ninavyolala. Insulini inataka chakula kikae tumboni, na tumbo la Kipusa halikalishi chakula. Ukimchoma, akala, akatapika povu la njano na vipande vya samaki vizima, sukari inashuka. Anayumba, analegea, miguu inatetemeka, unakimbilia asali umpake kwenye fizi. Usipomchoma, sukari inapanda, anakunywa maji ndoo nzima na kukonda. Na vidonge vya kutuliza utumbo, vile vya jamii ya prednisoloni, vyenyewe vinapandisha sukari! Unatibu huku, unaharibu kule. Mtu umebeba yote hayo, unaambiwa kaokote mwingine Deep Sea. Mbele ya watu! Na mwenzake kaitwa!

Mzee_wa_Makorora:
Huyo namjua. Mimi aliniuliza kwa sauti "hii ya fangasi ni ya wapi?" na mama mkwe yuko nyuma yangu.

Chuma_Ulete:
Paka ana kisukari? Alikuwa anakunywa chai na nani?

Mama_Kipusa:
@Chuma_Ulete paka hapati kisukari kwa chai. Unene unachangia, na dawa za aina niliyotaja zinachangia. Ila wewe na yule wa duka mmezaliwa siku moja.

Binti_Sahare:
Dada pole. Mpe uji mwepesi wa mchele, tumbo litatulia.

Mama_Kipusa:
@Binti_Sahare ahsante mpenzi, lakini uji ni wanga, utampandishia sukari. Paka ni mla nyama. Nampa kuku wa kuchemsha bila chumvi wala kitunguu, kidogo kidogo. Nikikuona wewe unanipa ushauri bila kunitaja Deep Sea nataka kulia.

Ustadhi_Kijana:
Kucheka mgonjwa si uungwana. Yule mwanamke aliyemfungia paka bila chakula wala kumwacha ajitafutie, hadithi ya Mtume mnaijua, aliingia motoni. Huyo bwana asijisahau.

Chuma_Ulete:
Nimecheka lakini ukweli Deep Sea wapo wengi, wanene, wanakula vibua bure.

Mama_Kipusa:
UNAONA SASA. Ndiyo maneno yale yale! Kipusa si debe la kubadilisha! Akinisikia nafungua friji kutoa dawa anakuja mwenyewe, analala ubavu.

Fundi_Friji_Donge:
Mmetaja friji. Dada, umeme ukikatika insulini yako unaiweka wapi? Isigande, na joto hili la Tanga nalo si rafiki yake.

Mama_Kipusa:
Bibi kanionyesha chungu ndani ya chungu, katikati mchanga uliolowa, kivulini. Inasaidia mpaka umeme urudi.

Binti_Sahare:
Umeme usiutaje! Jana samaki wangu wote wameoza. Kilo nzima ya changu!

Mzee_wa_Makorora:
Changu umenunua bei gani? Mimi wananiuzia kama nanunua boti.

Bajaji_Namba_Moja:
Nilishambeba mtu na paka kwenye kikapu, akakojolea kiti. Mkojo wa paka hautoki! Ningeomba na nyie mtuonee huruma.

Mama_Kipusa:
Wa kisukari anakojoa sana, ndio ugonjwa wenyewe, tandika nailoni. Lakini jamani turudi kwa yule bwana! Aliita na mwenzake!

Binti_Sahare:
@Bajaji_Namba_Moja wewe ndiye uliyenitoza elfu tatu toka Kange mpaka Sahare usiku?

Bajaji_Namba_Moja:
Usiku ni usiku dada. Na ulikuwa na magunia.

Binti_Sahare:
Magunia? Mfuko mmoja wa machungwa ya Muheza!

Mzee_wa_Makorora:
Machungwa umepata wapi msimu huu? Na kilo ya changu bado hujanijibu.