Samaki gani wa kundi wanavumilia joto la Dar kwenye tanki la majani?

SegereaMwisho
Wakuu habari za jioni. Nina tanki la lita 120 hivi, nilitengenezewa na fundi vioo wa mtaani, nimepanda majani kibao, valisneria nyuma, anubia nimefunga kwenye gogo, na mengine madogo ya mbele sijui hata yanaitwaje. Majani yanakua mpaka raha, shida samaki. Nataka kundi lile linageuka kwa pamoja, ukikaa kwenye kochi unaangalia hilo tu. Nshanunua neoni tetra mara mbili, kwanza nane, halafu kumi, wanakaa siku nne tano wanapauka, asubuhi unakuta mmoja anaelea, kesho yake wawili. Muuzaji kanambia weka dawa, nimeweka, wamekufa na dawa yao. Waliobaki ni gapi sita na koridora wanne, hao wanadunda tu. Nichukue nini? Bei isiwe ya kukopa kikoba.

mzee_wa_majani
Pole mkuu. Kabla sijataja samaki, maji unatoa wapi, na kipimajoto kinasoma ngapi saa nane mchana? Na ndani kuna nini zaidi ya majani?

SegereaMwisho
Kisima mzee, bomba huku linatoka likijisikia. Joto jana 30. Ndani kuna mchanga wa dukani, na makombe na mawe meupe tuliokota ufukweni Kunduchi, watoto ndo walitaka.

mkali_wa_taiga
Chukua taiga kumi, wale samaki wadogo wa milia kama chui milia, mistari yao balaa, hawafi hovyo. Kesi imeisha.

mzee_wa_majani
Taiga na gapi tanki moja?? Atarudi hapa wiki ijayo kuuliza mikia ya gapi imeenda wapi. Mpotezee.

Segerea, jibu umeshalitoa mwenyewe. Neoni kwao ni vijito vya Amazon, maji laini kabisa, yaani yenye chokaa na chumvichumvi kidogo sana, joto la 21 mpaka 26 ndo linamfaa, we unamweka kwenye 30, maji ya kisima, na juu yake makombe ya bahari ambayo ni chokaa tupu, yanayeyuka kidogokidogo na kila siku maji yanazidi kuwa magumu. Gapi anayapenda maji magumu ndo maana anadunda. Koridora anavumilia tu, usimsifie sana. Dawa hapo ilikuwa haina la kutibu. Fanya hivi leo leo, toa yale mawe, yakauke, dondoshea siki, likitoka povu hilo ni chokaa, lisirudi.

Samaki sasa. Kadinali tetra anafanana na neoni ila wekundu umeshuka mwili mzima mpaka kichwani, kwao Rio Negro, 28 anaiweza vizuri, ndo maana watu wanamfuga na diskasi, samaki bapa anayetaka maji ya joto. Bei yake lakini imesimama.

DadaKigamboni
Shikamoo mzee, ila kwenye kadinali nakupinga. Joto sawa, maji je? Anataka laini kama neoni tu, tena wengi wanavuliwa porini, hawajazoea hizi chumvi zetu. Mie huku kisima changu hata chai haikolei, nilijaribu kadinali nikalia. Nikahamia rasbora, wale wa rangi ya shaba wenye pembetatu nyeusi ubavuni, wa kwao Malaysia na Sumatra. Ninao kumi na wanne, wanatembea pamoja kuliko neoni, kwa sababu neoni akishazoea tanki anajitawanya tu kila mtu na lake.

Siri yangu ni maji ya mvua. Nakinga ya bati, lakini ile mvua ya kwanza naiacha ioshe vumbi na vinyesi vya ndege, nachanganya nusu na ya kisima. Usibadilishe kwa mkupuo utawaua hata hao gapi, ndoo moja kwa wiki inatosha. Halafu funga kifeni kidogo kipulize juu ya maji, mie kinashusha nyuzi mbili mpaka tatu. Maji yatapungua haraka, sasa hapo watu wanakosea, wanajazia ya kisima, wakati kilichoondoka ni maji matupu na chumvi imebaki palepale. Jazia ya mvua.

mzee_wa_majani
Marahaba binti, hapo kwa rasbora sibishi. Segerea, nunua aina moja tu, kumi au kumi na mbili, usichukue watatu wa hiki watatu wa kile, samaki wa kundi akiwa na wenzake wachache anashinda amejificha. Na usiku pampu ya hewa iwake, maji ya moto yanabeba hewa kidogo na majani gizani nayo yanavuta hiyohiyo.

SegereaMwisho
Dah. Nimeweka siki, jiwe limechemka kama soda. Makombe nimewapa watoto wayapange dirishani, mdogo kanuna hanisemeshi. Rasbora nasubiri kwanza maji yatulie, wiki nne hivi, ndoo za kukingia nimeshapanga uani. Umeme ukikatika usiku hiyo pampu inakuwaje?

DadaKigamboni
Kuna zile za betri za wavuvi wa chambo hai, ulizia Kariakoo. Na mkikatiwa mchana na kifeni kimezima, funua mfuniko, usiwape chakula mpaka umeme urudi.