Mrejesho: seting za C1 sasa zinabaki

Wakuu, niliuliza kwa nini seting za C1 (ile nafasi ya kamera unayohifadhia seting zako mwenyewe) zinarudi za zamani kila kamera ikizimwa, mrejesho ndo huu, imekubali! Mliosema nipange kila kitu kwanza nikiwa kwenye M (modi ya kupanga kila kitu kwa mkono) halafu ndo niingie menyu nisajili kwenye C1, asanteni sana aisee. Sasa hivi C1 ni ya mpira, shata ya sekunde 1/1000, ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) oto, fokasi ya kumfuata mchezaji na picha za mfululizo, C2 ya watu waliotulia. Ile seting ya C1 kujisevu yenyewe kila ukibadilisha kitu nimeiacha imezimwa makusudi, maana hata nikichezea shata katikati ya mechi, kamera ikilala ikiamka narudishiwa 1/1000 yangu, naipenda mno hiyo. Aina ya faili la picha, RAW (ghafi) au JPEG (la kawaida), nayo inasajiliwa humohumo, kagueni kabla hamjasevu.