Mbwa wangu ameng'atwa shingoni na mbwa koko: nimtibu nyumbani au nimpeleke kwa daktari?

Mkazi wa Kihonda:
Ndugu zangu, habari za jioni. Mbwa wangu dume aliponyoka getini jana magharibi akapambana na mbwa koko ambaye hakuna jirani anayemtambua, na kabla hatujawaachanisha kwa kuwamwagia maji alikuwa ameshang'atwa shingoni na pajani. Shingoni naona vitundu viwili vidogo tu na damu imekata. Pajani ngozi imechanika na anachechemea, ingawa anakula kama kawaida. Nyumbani ninayo ayodini, spiriti na vidonge vya diklofenaki, na kijana wa duka la dawa za mifugo amenishauri nimchome oksitetrasaiklini ya asilimia 20. Naomba kujua lipi nifanye mwenyewe na lipi linazidi uwezo wangu.

Tabibu wa Wanyama:
Pole sana, ndugu. Diklofenaki iweke mbali kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu dawa hiyo, sawa na ibuprofeni, humtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo hata kwa kipimo ambacho mtu mzima angekimeza bila wasiwasi. Spiriti nayo huunguza nyama iliyo hai na kuchelewesha kupona.

Vitundu vya shingoni vinanitia shaka kuliko paja. Ngozi ya mbwa imelegea, na mbwa anapomng'ata mwenzake humtikisa, hivyo jino huingia kwa tundu dogo, likachana misuli na kuibandua ngozi kwa ndani, kisha tundu likajifunga juu ya mate, manyoya na vijidudu. Uvimbe wenye joto na usaha hujitokeza baada ya siku mbili hadi nne, wakati mwenye mbwa ameshajiridhisha kwamba mambo yamekwisha.

Kwa leo, vaa glovu na mfunge mdomo kwa ukanda wa kitambaa, maana mbwa mpole akiumia hung'ata hata mkono unaomlisha. Ila usimfunge akiwa anapumua kwa shida au shingo ikiwa imevimba. Punguza manyoya kuzunguka majeraha. Chemsha maji, yaache yawe vuguvugu, kisha koroga kijiko cha chai kimoja cha chumvi, kilichosawazishwa, kwa kila nusu lita. Vuta maji hayo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, uyarushe juu ya jeraha la paja na kwenye midomo ya vitundu mara nyingi, bila kulisukuma bomba ndani. Malizia kwa ayodini iliyozimuliwa mpaka iwe na rangi ya chai nyepesi. Usishone wala usifunge bandeji ya kubana, kwa kuwa jeraha la meno linahitaji njia ya kutoa uchafu.

Sindano ya duka iache. Dawa hiyo imetengenezwa kwa kipimo cha ng'ombe, humuuma mbwa sana, na kwa majeraha ya meno daktari kwa kawaida huchagua amoksilini iliyochanganywa na klavulaneti, kwa kipimo kinachotokana na uzito. Kwa kuwa uko Morogoro, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) haiko mbali nawe. Mpeleke kesho, hata akiamka mchangamfu.

Mfugaji Mstaafu:
Mimi naongeza mambo mawili ya uani. Huku kwetu wengi hupaka oili chafu kufukuza inzi, na kweli inzi hawatui, lakini mbwa huilamba na kuimeza yote, kwa hiyo unakuwa umemtibu jeraha na kumpa sumu. Ni afadhali alale ndani au kwenye chandarua kuukuu, kwani inzi wakitaga kwenye kidonda utakuta mabuu upesi mno. Ili asijilambe, nilizoea kukata kitako cha ndoo ndogo ya plastiki, kuifunika kingo kwa kitambaa na kuifunga kwenye mkanda wa shingo. Kwa mbwa wako, mwenye jeraha shingoni, muulize daktari kwanza.

Afisa Mifugo:
Nashangaa tumefika hapa bila mtu kuuliza kuhusu kadi ya chanjo. Mbwa koko asiyejulikana, katika nchi ambayo kichaa cha mbwa bado kinaua watu, ni lazima achukuliwe kuwa mshukiwa. Ikiwa mbwa wako amechanjwa na chanjo haijapitwa na wakati, achanjwe tena mara moja, kisha afungiwe na kuangaliwa kwa siku 45. Ikiwa hajawahi kuchanjwa, suala ni zito zaidi: atatengwa kwa miezi kadhaa au atauawa, na uamuzi huo haupaswi kufanywa na familia peke yake. Toa taarifa kwa afisa mifugo wa kata leo hii. Huyo mbwa koko akionekana, vijana wasimpige kichwani, kwa kuwa ubongo ndio unaopimwa maabara.

Mkazi wa Kihonda:
Nawashukuru nyote. Kadi ninayo, na chanjo ya mwisho ni ya mwaka jana. Diklofenaki sijampa. Jambo linalonisumbua sasa ni kwamba binti yangu ndiye aliyempangusa damu jana kwa mikono mitupu, naye ana mchubuko kidoleni.

Muuguzi:
Ndugu, hilo litangulie mbwa. Mate ya yule mbwa koko yalikuwa bado mabichi kwenye manyoya, na ingawa hatari yake ni ndogo kuliko ya kung'atwa, kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza karibu hakuna anayepona. Aoshe kidole kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, hata kama ni siku ya pili, kisha aende hospitali ya wilaya au ya mkoa, kwa sababu si kila zahanati ina chanjo hiyo. Aeleze kinagaubaga kwamba aligusa damu na mate akiwa na mchubuko. Wakiamua kumchanja, ataanza siku hiyo hiyo, na ratiba ya kawaida inaendelea siku ya 3 na ya 7, pengine na ya 14. Dozi hizo asiziruke hata mbwa akionekana mzima, kwa sababu mnyama wa kuchunguzwa hapa ni yule mbwa koko, na hayupo.