Uliyewahi kuwa na studio, lebu (maabara ya kusafishia picha) au kamera ya mtaani: biashara ya picha ilikufia mkononi lini? Tupeane uzoefu

Mzee wa Negativu:
Wakuu habari za jioni. Juzi nilikuwa nasafisha stoo nikakutana na ndoo tatu za rangi zimejaa negativu, zile filamu zilizokwisha safishwa, nikakaa chini pale pale nikaanza kuziangalia moja moja kwenye mwanga wa dirisha, wife akadhani presha imepanda. Nikasema ngoja nilete uzi, humu lazima kuna wenzangu.

Mimi nilikuwa na studio Morogoro, maeneo ya Msamvu, toka 1994 hadi 2013. Pazia la nyuma limechorwa maporomoko ya maji, lingine ndege inaruka, koti na tai za kuazima zinaning'inia ukutani, poda na kitana mezani. Idd na Krismasi watoto foleni mpaka barabarani. Mteja anapiga leo anachukua wiki ijayo, maana filamu ya picha 36 lazima iishe kwanza ndo uipeleke lebu, ukipeleka ina picha kumi umekula hasara mwenyewe.

Sasa watu wanasemaga dijitali ndo ilituua. Mimi nakataa. Dijitali nilinunua 2005 na miaka mitano iliyofuata ndo nilipata hela kuliko wakati wowote, filamu sinunui, mteja akifumba macho narudia bure, naprinti hapo hapo anaondoka nayo. Kilichoniua ni binti mmoja alikuja kupiga picha ya mahafali, nikampiga vizuri, nikamuuliza nikutolee ngapi, akaniambia "usitoe, nirushie tu kwa blutuzi." Nikabaki nimeshika kamera. Nimtoze shilingi ngapi kwa kurusha? Siku hiyo ndo nikajua miaka yote sikuwa nauza picha, nilikuwa nauza karatasi.

Na sio mimi tu. Kodak wenyewe, kamera ya dijitali ya kwanza ilitengenezwa na injinia wao, Steven Sasson, mwaka 1975, na bado Januari 2012 wakaenda mahakamani kuomba kinga ya kufilisika. Hela yao ilikuwa kwenye filamu, karatasi na dawa za kusafishia picha, kama mimi wa Msamvu tu, tofauti wao walikuwa na wanasheria.

Haya, leteni zenu.

Dada wa Lebu:
Mzee wangu shikamoo. Umenikumbusha mbali sana. Mimi nilikuwa opareta wa minilabu Mwanza 1999 mpaka 2011, ile mashine ya kusafisha filamu na kutoa picha, kubwa kama friji mbili zimelala. Hapo kwenye kufa naomba niongeze kitu ambacho wenye studio hamkukiona maana nyie mlikuwa mnaleta filamu na kuondoka.

Ile mashine inakula dawa, na dawa inataka kazi. Ukipitisha filamu nyingi kwa siku dawa inajazwa mpya kidogo kidogo yenyewe inakaa sawa. Zikipungua, dawa inakaa tu kwenye tangi inaingia hewa inachoka, picha zinatoka rangi za ajabu, mara kijani mara zambarau. Kwa hiyo sisi hatukufa kwa kukosa wateja wote, tulikufa kwa kukosa nusu. Wateja wakipungua picha zinaharibika, zikiharibika hata wale waliobaki wanakimbia, bosi anaona bora asibadilishe dawa mpaka mwisho wa mwezi, ndo basi tena. Na hapo bado hujaweka mgao wa umeme wa 2006, jenereta inanguruma mchana kutwa na tangi lazima libaki kwenye joto lake, likipoa unasubiri upya.

Kingine, nyie mliopigwa picha zamani mnalalamika mbona mnaonekana meno na macho tu. Sio nyie. Rangi za filamu na mashine zilikuwa zinapimwa kwa kadi ya picha ya mwanamke mzungu, wenyewe wanaziita kadi za Shirley. Ukifuata kadi, ngozi yake inatoka safi na sisi tunatoka kama makaa. Ilibidi mimi nikae na kila picha nirekebishe kwa jicho. Picha ya harusi, bwana harusi mweusi na shela jeupe, hapo unatoka jasho. Leo simu za Tecno zinatangazwa kabisa kwamba kamera yake inajali ngozi nyeusi. Sisi tulifanya kazi hiyo kwa vidole na hakuna aliyetutangaza lol

Baharia wa Pembe:
Yakhe hapa Mombasa sisi twasema kuosha picha, nyinyi wa bara Tanzania eti mwasafisha, kwani ilikuwa chafu?

Mimi nilikuwa kwenye zile sanamu za pembe za ndovu za Moi Avenue, kila mgeni akija Mombasa lazima apigwe chini ya pembe. Leo nataka kutubu. Watoto walikuwa wakitusumbua "anko nipige, anko nipige" na hawana pesa, sasa twawapiga fleshi tupu, kamera haina filamu. Mtoto aenda nyumbani na furaha yake. Mungu atusamehe.

Simu ziliposhika tulipungua sana pale. Wengine wakaenda bodaboda, mmoja ana kibanda cha viazi karai. Mimi nilibaki na naishi kwa kitu kimoja tu, trip za shule. Mabasi yanakuja kutoka bara, wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu, na kila mmoja ataka kuonyesha mamake kwamba alifika Fort Jesus. Niko na printa ndogo kwa begi na betri, nawapiga, nawapa kabla basi halijaondoka. Muhula ukiisha na mimi nimeisha mpaka mwingine. Siku serikali ikiruhusu simu shuleni nitawaaga hapa.

Sina Ndogo:
Fleshi tupu??? Kumbe ndo maana picha yangu ya 1996 sijaipata mpaka leo

Baharia wa Pembe:
😂😂 pole ndugu yangu, haijaoshwa bado

Bi Harusi wa Tisini na Saba:
Mimi sikuwa na studio ila nina uzoefu wa upande wa mteja. Tanga, 1997. Mpiga picha tulimlipa yote kabla, kapiga kanisani, kapiga ukumbini, katikati ya sherehe kafungua kamera kabla hajarudisha filamu. Mwanga ukaingia, zote zimeungua. Alikuja kutuambia baada ya siku tisa, na alitumwa mdogo wake, yeye mwenyewe alijificha.

Tulikubaliana turudie. Nguo nimeazima tena, matroni keshasafiri ikabidi asimame jirani, mume wangu alikuwa anaumwa malaria, ukiangalia zile picha wageni wanasema alikuwa na huzuni kuacha ukapera. Lakini zipo! Ziko ukutani mpaka leo. Binti yangu kaolewa 2019, kapigwa picha elfu na kitu, kapewa kwenye flashi, flashi haifunguki, tumempigia mpiga picha anasema kafuta kupata nafasi. Za malaria ndo zimebaki.

Fundi Fremu:
Nipo Manzese, nilianza na studio sasa hivi niite mtu wa kuprinti. Nawaambia ukweli, siku hizi picha inayotolewa kwenye karatasi kubwa na kuwekewa fremu ni ya marehemu. Harusi iko kwenye simu, mtoto yuko kwenye simu, mahafali kwenye stetasi. Akifa mtu ndo wanakuja usiku saa nne wanataka fremu ya kutangulia mbele ya jeneza, tisheti arobaini, na programu ya misa. Na wanaleta picha gani? Skrinishoti ya stetasi, amesimama mwisho kabisa kwenye kundi la watu kumi na mbili, uso wenyewe ukubwa wa punje ya mchele. Paspoti saizi nazo zimekatika, NIDA wanakupiga wenyewe pale pale.

Mwaka jana nikaanza kutumia hizi za akili mnemba kusafishia sura. Mara nyingi inasaidia. Ila kuna mzee mmoja familia ilileta picha imepauka, nikaipitisha, ikatoka safiii, meno yamepangika, ngozi laini. Mjane akaiangalia muda mrefu akasema "huyu ni mzuri, lakini sio baba yenu." Nikarudisha ile ya ukungu, na hela yao nikarudisha. Toka hapo kabla sijagusa sura ya marehemu nauliza kwanza alikuwa na kovu wapi.

Kijana Mjasiriamali:
Wazee na heshima yangu yote ila tatizo lenu mlikataa kubadilika. Fujifilm walikuwa kwenye filamu kama Kodak na wapo hadi leo, waliingia mpaka kwenye vipodozi. Ni akili tu ya biashara.

Mzee wa Negativu:
Mdogo wangu ni kweli, filamu ina jelatini, inayotokana na kolajeni, ile ile iliyopo kwenye ngozi, walikuwa wanaijua miaka mingi, 2007 wakatoa mafuta ya uso. Walikuwa na maabara na watafiti. Mimi nilikuwa na pazia la maporomoko.

Ila nikuchekeshe kidogo. Ile fremu ya studio pale Msamvu, chumba chenyewe, hatukuiachia. Wife anauza humo vipodozi toka 2014, na anaingiza kuliko nilivyowahi kuingiza. Kioo cha wateja ni kile kile.

@Fundi Fremu hiyo ya kovu naiba.

Mluguru Halisi:
Mzee samahani naingia nimechelewa. Hiyo studio ilikuwa na ndege ukutani na mlango wa bluu? Mama yangu alipiga pale akiwa na mimi tumboni, mwaka 1998, picha yenyewe iliungua na nyumba. Alifariki kabla sijaanza shule. Negativu unazo za mwaka gani?

Mzee wa Negativu:
Mlango wa bluu ndo wenyewe. Ndoo ya kwanza 1994 mpaka 97. Ya pili 98 mpaka 2000 hiyo ipo salama. Ya tatu panya wamekula. Bahasha niliandika jina la aliyelipa, sio la aliyepigwa, kwa hiyo muulize baba au shangazi nani alilipia. Nitumie inboksi jina na mwezi ukiujua, Jumamosi nakaa nazo dirishani.