Prosesa inafika nyuzi 90 na feni za mbele hazitulii: nianze kukagua wapi?

Kasha_Wazi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Naombeni msaada kwa wanaojua mambo ya kupooza kompyuta, maana nimefika mahali sijui nishike lipi niache lipi.

Wiki tatu zilizopita nilimaliza kuunda mashine yangu ya kwanza ya mezani, kwa mikono yangu mwenyewe. Prosesa ni Ryzen 5 5600, kipoozeo ni kile kilichokuja nayo ndani ya boksi, kadi ya grafiki ina feni mbili, na kasha lina feni tatu: mbili mbele, moja nyuma. Ilipowaka mara ya kwanza nilifurahi mno. Sasa furaha imegeuka mawazo.

Nikiwa nimefungua kivinjari tu, prosesa inakaa kati ya nyuzi 55 na 60. Nikifungua gemu inapanda hadi 90 ndani ya dakika mbili, kisha gemu linaanza kukwamakwama. Kadi ya grafiki nayo inafika 84. Feni mbili za mbele zinazunguka kwa kasi yote tangu nawasha hadi nazima, hata mashine ikiwa baridi kabisa. Ile ya prosesa inapanda na kushuka kila baada ya sekunde chache: vuuu, inatulia, vuuu tena. Usiku inasikika hadi chumba cha pili.

Joto nimelisoma kwa HWiNFO, programu ya kuonyesha joto na kasi za feni, na kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ubao mama inayofunguka kabla Windows haijawaka. Rafiki yangu ananiambia ninunue kipoozeo cha maji niachane na mateso. Kabla sijatoa hela nataka kujua: kipoozeo ni kidogo, au kazi yangu ndiyo mbovu? Naogopa kuiunguza prosesa.

Rejeta_Mbili

Pole mkuu. Vipoozeo vya boksi sijawahi kuviamini. Weka cha maji chenye rejeta ya milimita 240, utasahau habari za joto.

Bisibisi_Taratibu

Mkuu, usinunue kitu bado.

Kwanza toa hofu ya kuunguza. Kwa prosesa hiyo kikomo cha joto ni nyuzi 90. Ikifika hapo inajipunguzia kasi yenyewe, na ndiyo maana gemu linakwama. Joto likiendelea kupanda hadi hatarini, mashine inajizima. Kwa hiyo unachokiona ni kinga inafanya kazi yake, ingawa si hali ya kuiacha iendelee.

Pili, hiyo ni prosesa ya wati 65, na kipoozeo cha boksi kimeundwa kwa joto la kiwango hicho. Ungeniambia inafika 80 kwenye kazi nzito, ningekwambia endelea na maisha. Lakini 58 ukiwa unasoma kurasa tu? Hapo joto halivuki vizuri kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye chuma cha kipoozeo, au kasha linavuta hewa ya moto linayoizungusha lenyewe. Ni magonjwa mawili tofauti, na dawa zake hazifanani. Ukinunua cha maji na kukifunga vibaya kama hiki, utakuwa na tatizo lile lile lenye pampu.

Fanya kipimo kimoja leo. Cheza gemu lile lile kwa dakika 15 kasha likiwa limefungwa, andika joto la prosesa na la kadi. Kisha fungua ubavu wa kasha, cheza tena dakika 15, andika. Usibadilishe kitu kingine chochote katikati. Joto likishuka sana kasha likiwa wazi, hewa haipiti. Lisiposhuka, tatizo liko chini ya kipoozeo.

Pini_Nne

Mimi nazungumzia hizo feni za mbele zinazopiga kelele muda wote. Zina pini ngapi kwenye plagi? Ikiwa ni tatu, nadhani tumeshampata mchawi.

Feni ya pini nne ina waya wa ziada unaopokea amri ya kasi. Umeme wake unabaki volti 12 muda wote na ubao mama unaituma amri kupitia waya ule. Feni ya pini tatu haina sikio hilo. Njia pekee ya kuipunguza ni kuipunguzia volti. Sasa soketi ya ubao ikiwa imewekwa kwenye hali ya PWM, yaani ya kuongoza kwa amri, inatuma amri kwenye waya ambao kwenye feni yako haupo, na feni inakula volti 12 zote. Ingia BIOS, tafuta sehemu ya feni, badilisha soketi hiyo kutoka PWM kwenda DC, yaani ya kuongoza kwa volti. Usiishushe mno, maana feni ikipewa volti kidogo kupita kiasi inashindwa hata kuanza kuzunguka.

Kasha_Wazi

Wakuu, majibu haya hapa. Kasha limefungwa: prosesa 90, kadi 84. Kasha wazi: prosesa 88, kadi 75.

Feni za mbele kweli zina pini tatu, zote mbili ziko kwenye waya mmoja wa kugawa unaoingia soketi ya SYS_FAN1. Nimebadilisha kuwa DC na zimetulia papo hapo, siamini! Lakini BIOS inaonyesha mzunguko wa feni moja tu. Nyingine imekufa?

Pini_Nne

Haijakufa. Waya wa kugawa hupeleka taarifa ya mzunguko ya feni moja tu. Ya pili hukatwa makusudi ili ubao usichanganyikiwe. Angalia kwa macho kama zote zinazunguka. Soma pia ampea zilizoandikwa kwenye kila feni ujumlishe: soketi nyingi za ubao hubeba ampea 1, na feni mbili za kawaida hazifiki hapo.

Bisibisi_Taratibu

Namba zako zinasema wazi, mkuu: una magonjwa yote mawili. Kadi ilishuka nyuzi 9 ulipofungua kasha, kwa hiyo kadi inakosa hewa. Prosesa ilishuka 2 tu, kwa hiyo yenyewe shida iko kwenye mgusano.

Anza na hewa kwa sababu ni rahisi. Chukua kipande chembamba cha karatasi laini, kishike mbele ya feni za mbele ukiwa nje ya kasha. Kinavutwa kuelekea ndani au kinasukumwa kuja kwako? Feni hutoa hewa upande ule wenye fremu inayoshika mota, yaani upande wenye stika katikati. Baadhi huwa na mishale ubavuni. Za mbele ziingize, ya nyuma itoe.

Kisha prosesa, na hapa nenda polepole. Usikivute kipoozeo kikiwa cha baridi. Kwenye soketi ya AM4, ambayo ndiyo ya prosesa yako, pini ziko kwenye prosesa, 1331, na pesti (ule uji wa kupitisha joto kati ya prosesa na kipoozeo) iliyogandamana inaweza kuing'oa prosesa kutoka kwenye soketi hata kama mkono wa kufungia uko chini. Nimeona pini zilizopinda kwa namna hiyo na si kitu cha kutamani. Endesha kazi nzito dakika kumi, zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha kuondoa umeme uliobaki. Legeza skrubu kidogo kidogo kwa kupishana, halafu kizungushe kipoozeo kushoto na kulia hadi kilegee, ndipo uinue.

Jambo moja watu hawaambiwi: skrubu za kipoozeo hicho zinaingia kwenye bamba la chuma lililo nyuma ya ubao mama. Ukizifungua zote, hakuna kinachoshikilia bamba hilo, linadondoka. Fungua ubavu wa pili wa kasha uweke mkono nyuma. Ukishainua, kabla hujafuta chochote, tupigie picha alama ya pesti.

Feni_Ya_Kale

Naongezea hapo kwenye pesti. Ile ya kiwandani inafaa kufungwa mara moja. Uliwahi kukiinua kipoozeo baada ya kukiweka mara ya kwanza?

Kasha_Wazi

Mkuu Feni_Ya_Kale, umejuaje? Siku ya kwanza nilikiinua kuangalia kama pesti imesambaa, nikakirudisha hivyo hivyo.

Na karatasi imenipa jibu: inasukumwa kuja kwangu. Feni zote tatu zinatoa hewa nje, hakuna inayoingiza! Nilizifunga ili stika yenye jina ionekane kwa mbele.

Picha nimeweka. Upande mmoja wa chuma pesti ni nyembamba, upande wa pili nene kama siagi, na pembeni kuna sehemu kavu kabisa.

Bisibisi_Taratibu

Picha inajieleza. Kona iliyo na pesti nene ndiko kipoozeo hakikukaa. Angalia skrubu ya kona hiyo: inawezekana bamba la nyuma lilishuka kidogo ukiwa unafunga, skrubu ikaingia mshazari, ukaisikia inakaza ukadhani imefika mwisho.

Futa pesti yote, pande zote mbili, kwa karatasi laini yenye alkoholi ya isopropili, acha ikauke. Weka tone jipya katikati, ukubwa wa punje ya njegere. Mtu wa pili ashike bamba nyuma. Anzisha skrubu zote nne kwa vidole kwanza, kila moja ishike uzi wake kwa urahisi. Ikigoma, irudishe uanze tena, usiilazimishe kwa bisibisi. Halafu kaza kwa mshazari, mizunguko miwili hapa, miwili kona ya mkabala, hadi zote zifike mwisho.

Kasha_Wazi

Nimefanya yote, dada yangu akashika bamba nyuma. Lakini sasa mashine inawaka, inaandika kosa la feni ya prosesa na haiendelei! Feni naiona inazunguka.

Pini_Nne

Umeichomeka soketi gani? Ubao unatafuta mzunguko kwenye soketi iliyoandikwa CPU_FAN pekee. Ukiichomeka SYS_FAN itazunguka vizuri tu, lakini ubao utaamini prosesa haina feni.

Kasha_Wazi

Ilikuwa SYS_FAN2. Nimehamisha, imewaka.

Wakuu, namba mpya, kasha likiwa limefungwa: kivinjari tu, 41. Gemu lile lile dakika 15, prosesa 74, kadi 74. Nimeipiga Cinebench, programu ya kuipa prosesa kazi nzito, dakika kumi, imefika 79 na kasi haijashuka. Kipoozeo ni kile kile cha boksi.

Kilichobaki ni ile vuuu ya feni ya prosesa. Imepungua lakini ipo.

Feni_Ya_Kale

Hiyo ni tabia ya prosesa za kizazi hicho: ukifungua programu moja joto linaruka nyuzi kumi kwa kufumba na kufumbua, kisha linarudi. Feni inalikimbiza kila mruko. Kwenye BIOS, fungua mchoro wa kasi ya feni, uulaze: kasi moja ya chini hadi nyuzi 60, kisha uanze kupanda, na ifikie kasi yote kwenye 85. Ubao wako ukiwa na sehemu ya kuchelewesha mabadiliko, weka sekunde tatu au nne. Chuma chenyewe hakipati moto haraka kiasi hicho, hupotezi kitu.

Na feni za kadi zikisimama kabisa ukiwa hauchezi, usishtuke. Kadi nyingi za sasa huzizima joto likiwa chini.

Rejeta_Mbili

Mkuu nimejifunza. Mimi ningekuingiza hasara.

Kasha_Wazi

Nimelaza mchoro kama ulivyosema, na sekunde nne. Naandika hapa mashine ikiwa pembeni yangu na ninasikia sauti ya kibodi. Swali la mwisho: kuna mlio mdogo, tik tik tik, kutoka mbele chini.

Bisibisi_Taratibu

Zima, angalia kama kuna waya unaogusa mabawa ya feni ya chini. Ulipoigeuza, fremu iliyokuwa inauzuia imehamia upande wa pili.

Kasha_Wazi

Waya wa taa ya kasha. Nimeufunga pembeni, kimya.