Mjadala: Je, warithi wa Schwarzenberg wana haki yoyote juu ya kasri la Hluboká?

Mleta mada

Wanajamvi, naomba tuijadili mali ya makabaila wa Czech. Kila ikitajwa tunagawanyika papo hapo: hawa wanasema wanyonyaji wamevuna walichopanda, wale wanasema mali ya mtu ni yake. Msimamo wangu ni huu: jamhuri ya Czechoslovakia, iliyoundwa 1918, ilikuwa na haki ya kuwavua vyeo na kuwapunguzia ardhi, lakini haikuwa na haki ya kutunga sheria ya kumfilisi mtu mmoja.

Tuanze na maisha yao yalivyokuwa. Jan Adolf, wa ukoo wa kikabaila wa Schwarzenberg, na mkewe Eleonora walilipenda kasri la kifalme la Windsor, Uingereza, wakaamua kasri lao la Hluboká, kusini mwa Bohemia (sehemu ya magharibi ya Czech), lijengwe upya kwa mtindo ule. Kazi ilianza 1840 ikaisha 1871. Kwenye lango kuna mshikio wa shaba: kunguru anamdonoa Mturuki jicho, picha iliyotoka kwenye nembo ya ukoo. Jirani yake ni nyumba ya mawindo ya Ohrada, na humo mpaka leo amesimama dubu wa mwisho wa milima ya Šumava, aliyepigwa risasi 1856 na kujazwa majani. Majira ya joto yalikuwa ya kasri, vuli ya mawindo, baridi ya Vienna na dansi zake.

Na hayo yote yaliendelea huku dunia ikigeuka. Mwaka 1848 kazi za shuruti mashambani zilifutwa. Thamani yake ilikadiriwa, ikagawanywa mafungu matatu: moja akalipa mkulima, moja ikalipa serikali, moja kabaila akalisamehe. Yaani mtu aliyefanyishwa kazi bure vizazi na vizazi alilipia uhuru wake mwenyewe! Koo kubwa zikaingia karne ya viwanda na fedha mkononi: viwanda vya sukari, vya bia, biashara ya mbao. Walibadilika na wakati vizuri sana, kwa gharama ya wengine.

Kwa hiyo sioni kosa katika sheria ya Desemba 1918 iliyofuta vyeo, wala ile ya Aprili 1919 iliyoweka kikomo cha hekta 150 za kilimo, au 250 za ardhi yote kwa pamoja. Ilikuwa kipimo kimoja kwa kila mwenye ardhi kubwa.

Lakini 1947? Adolf Schwarzenberg, mmiliki wa Hluboká wakati huo, aliwapinga Wanazi, na 1940 Gestapo, polisi wao wa siri, wakamnyang'anya mali. Binamu yake Jindrich alifungwa Buchenwald, kambi ya mateso ya Wanazi. Vita vilipokwisha, amri za Rais Beneš za kutaifisha mali za Wajerumani na wasaliti hazikumgusa, maana hakuwa msaliti. Bunge likatunga sheria namba 143 ya 1947, inayolenga mali ya tawi lake tu, bila fidia. Hilo nalikataa.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umeanzia njiani. Hluboká ilikuwa ya ukoo wa Malovec, Waprotestanti. Waprotestanti waliposhindwa na jeshi la mfalme Mkatoliki katika vita vya Mlima Mweupe 1620, akina Malovec walinyang'anywa, kasri akapewa jenerali Mhispania, Marradas, kisha Schwarzenberg akalinunua 1661. Sasa haki unaihesabu tangu lini? Kama ni kurudisha, tuwatafute akina Malovec.

Na usitupakie makabaila wote rangi ya uzalendo. Agosti 1938, Lord Runciman alipotumwa na Waingereza kupatanisha, alikutana na Henlein, kiongozi wa Wajerumani wa Sudeten (maeneo ya mpakani) aliyemuunga mkono Hitler, ndani ya kasri la kabaila Max Hohenlohe. Watu wa kawaida walikumbuka nani alimkaribisha nani.

Isitoshe, ukifungua mlango kwa mali zilizochukuliwa kabla ya 1948, mwaka wakomunisti waliposhika nchi, wataingia wengi. Liechtenstein iliishtaki Czech mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya mwaka 2020, kwa sababu ya mali zilizochukuliwa 1945. Umejiandaa kwa hilo?

Mchangiaji wa pili

Mimi nachangia jina moja: Lata Brandisová. Binti wa kikabaila. Mbio za farasi za Pardubice, zilizoanza 1874, zina mtaro unaoitwa Taxis ambao hata wapanda farasi wazoefu wanauogopa. Mwaka 1937, akiwa na miaka 42, aliuruka juu ya jike wake Norma, akawaacha nyuma maofisa wa Kijerumani, akashinda. Hakuna mwanamke mwingine aliyewahi kushinda mbio hizo. Baada ya 1948 nyumba yao ilichukuliwa, akazeekea kwenye kijumba msituni na dada zake. Sijui mlimlipiza kwa kosa gani.

Mleta mada

Ndugu wa kwanza, hoja ya Malovec ni nzito na siikwepi. Lakini serikali ya Czech yenyewe haikurudi 1620, ilichora mstari wake: inarudisha tu mali zilizochukuliwa tangu 25 Februari 1948, siku wakomunisti walipochukua nchi. Tazama mstari huo unavyokata. Ukoo wa Lobkowicz ulinyang'anywa na Wanazi, ukarudishiwa 1945, ukanyang'anywa tena 1948. Uko ndani ya mstari, na 2002 jumba lao kwenye ngome ya Prague likarudi mikononi mwao. Adolf naye aliporwa na Wanazi, lakini sheria yake ilipitishwa Julai 1947. Miezi saba na ushei! Warithi wameshindwa mahakamani kwa tarehe hiyo.

Kuhusu Hohenlohe, kweli. Lakini Septemba mwaka uleule, wawakilishi wa koo kongwe walimwendea Beneš kumwambia mipaka ya kale ya Bohemia isiguswe, na 1939, Wanazi wakiwa wameshaingia, wakatamka tena kwamba wao ni Wacheki. Wengi waliotia saini waliwekewa wasimamizi kwenye mashamba yao. Tuhukumu mtu kwa mtu.

Sidai kasri. Libaki la umma, watoto wa shule waendelee kumshangaa yule dubu. Nadai warithi walipwe fidia, na bunge likiri kwamba 1947 liliandika sheria ya mtu mmoja. Nijibu hili: kama Adolf angenyang'anywa Machi 1948, ungesema nini?