Mliokulia na kanda ya "Grease": tupeane uzoefu, kwa nini filamu hii haituachi?

Habari zenu wadau.

Leo nimekuja na mada iliyonikaa moyoni miaka mingi. Ni Grease, ile filamu ya Kimarekani ya mwaka 1978 ya John Travolta na Olivia Newton-John, mapenzi ya shuleni na nyimbo mwanzo mwisho. Mwezi uliopita nilikuwa kwenye harusi, DJ akapiga ule wimbo wa karibu na mwisho, wa Danny (ndiye Travolta) na Sandy (ndiye Olivia) wakiwa kwenye viwanja vya bembea. Watoto wa miaka kumi na mbili wakakimbilia katikati ya ukumbi wakaimba na mama zao, na wote wanajua zamu ya mwanamume na zamu ya mwanamke. Filamu ina umri mkubwa kuliko mama zao wengine! Nikarudi nyumbani nikiwaza hilo tu.

Naanza mimi.

Mwaka 1991 nilikuwa darasa la tano, Tanga, nikiishi kwa mama mdogo. Yeye alikuwa fundi cherehani. Jirani yetu baharia alimwachia deki na kanda nne, na Grease ilikuwa mojawapo, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino kwenye karatasi ya gundi. Kanda ilikuwa imeshachoka. Ikifika kwenye shindano la dansi, picha inaanza kuruka na mistari myeupe inakata kioo katikati. Mama mdogo anainuka, anaipiga deki kofi mbili za taratibu, picha inatulia. Kiingereza hatukukijua, tuliimba sauti tu, maneno yetu wenyewe yasiyo na maana, na hakuna aliyejali.

Sisi watoto wote tulikuwa wa Sandy. Mama mdogo alikuwa na mahali pake pengine. Karibu na mwisho yule Rizzo, msichana mkali wa kundi, anasikia shule nzima inanong'ona kwamba ana mimba. Anatembea peke yake akiimba. Hapo cherehani ilikuwa inanyamaza. Mguu unatoka kwenye pedeli, mikono inabaki juu ya kitambaa. Wimbo ukiisha anarudisha kanda nyuma, anausikiliza tena, ndipo anaendelea kushona. Sisi tunalalamika, tunataka magari.

Nimekuja kuambiwa nikiwa mtu mzima. Mama mdogo alitolewa shule kidato cha pili kwa ujauzito. Alikuwa wa pili darasani. Mnajua ilivyokuwa kwetu: binti akishika mimba, shule imekwisha, na ilikuwa hivyo mpaka Novemba 2021 serikali ilipotangaza kwamba wanaweza kurudi kwenye shule za kawaida. Kiingereza chake cha kidato cha pili kilimtosha kuelewa anachoimba Rizzo, kwamba yapo mabaya makubwa kuliko hayo anayosemwa, na kwamba machozi yake hawatayaona.

Kwa hiyo naomba tupeane uzoefu. Uliiona wapi, na ulikuwa unamtazama nani?

Mdau wa Nairobi

Asante kwa mada, dada. Umenigusa.

Mimi nilikuwa namtazama gari! Baba alikuwa mekanika Kariobangi, na kanda tulikodi Ijumaa jioni turudishe Jumapili. Ile scene ya vijana kwenye karakana ya shule wakilifufua gari bovu, baba aliisimamisha mara ngapi sijui. Ni Ford De Luxe ya 1948. Alikuwa anatuonyesha kwa kidole kwenye kioo: hapa wanakosea, hapa wako sawa. Na yale mashindano ya mwisho wanakimbizana kwenye mto wa Los Angeles, ambao umejengewa saruji chini na kando kama mtaro mkubwa. Baba alidhani ni barabara, akashangaa sana kujua ni mto.

Jina lenyewe ni neno letu la gereji: grisi. Lakini hapo linabeba mambo matatu, grisi ya injini, mafuta ya nywele na mafuta ya chipsi. Ndivyo walivyoitwa vijana wa familia za wafanyakazi, nywele zimelazwa kwa mafuta, mikono michafu kwa kazi. Jim Jacobs, mmoja wa watunzi wawili, aliwakumbuka vijana wa aina hiyo kutoka shule yake ya sekondari huko Chicago. Yeye na Warren Casey waliiandika kwanza kama mchezo wa jukwaani, ukaonyeshwa Chicago mwaka 1971. Mwaka uliofuata ukaenda New York, ukakaa Broadway, kwenye yale majumba makubwa ya maigizo, hadi 1980, maonyesho 3,388. Travolta mwenyewe alishawahi kuzunguka na mchezo huo akicheza mhusika mdogo kabla hajawa Danny. Ndiyo maana kwangu haijawahi kuwa filamu ya mapenzi peke yake. Iliwaweka mbele watoto wa mafundi, na baba yangu alijiona pale.

Mama wa Minneapolis

Dada wa Tanga, nimesoma hadi kwa mama mdogo nikaweka simu chini kwanza.

Mimi ni mtu wa Moshi, niko Minnesota, Marekani, mwaka wa kumi na nane. Mwaka juzi binti yangu alirudi kutoka shule anaruka: wanaigiza Grease na yeye amepewa Rizzo. Huku mchezo huu shule zinaucheza kila pembe. Kila mzazi ana kazi yake, mimi nikasema nitashona sketi.

Zile sketi za miaka ya hamsini ni mduara kamili. Nilinunua felti, kitambaa kizito kama blanketi kisichofumuka nyuzi, kwa hiyo pindo halihitajiki. Unakikunja mara nne. Kiuno cha binti ni inchi 26, ukigawanya kwa sita na robo unapata inchi nne na kidogo. Unashika ncha ya futi kwenye ile kona iliyokunjwa, unachora upinde wa inchi nne, halafu upinde wa pili wa inchi ishirini na nane. Unakata. Ukikifungua umepata sahani kubwa yenye tundu katikati, na mtoto akizunguka, sketi inasimama kama mwavuli. Nilishona saba, meza ya kulia ikawa karakana wiki tatu.

Sasa lililonifanya niandike. Shule ilitumia toleo la shule. Toleo hilo halina sigara, halina pombe, halina matusi, na wimbo ule wa Rizzo umeondolewa. Binti yangu alikuwa ameukariri tangu siku ya kwanza. Hakulalamika shuleni. Ila usiku wa onyesho la mwisho tuliporudi, alikaa jikoni bado amevaa nguo za jukwaani, rangi ya mdomo imeanza kuondoka, akaniimbia mimi na baba yake. Mume wangu hajui kabisa filamu hii. Aliinamisha kichwa akatazama sakafu mpaka mwisho.

Ninaelewa kwa nini shule inaogopa, ni watoto. Lakini wimbo ule ndio wenye ukweli kuliko zote.

Mwalimu mstaafu, Morogoro

Nawasalimu wote. Mimi nitasema tofauti, na nasema kwa dhati maana nimefundisha mabinti miaka thelathini na mbili.

Mwisho wa filamu ile haukunipendeza na haunipendezi. Sandy ni binti mpole, mwenye msimamo. Ili ampate kijana anabadilika kila kitu, suruali nyeusi ya kubana, koti la ngozi, sigara mdomoni. Wanafunzi wangu walikuwa wananiuliza, mwalimu, kumbe ndivyo inavyotakiwa? Nilikosa jibu zuri.

Mdau wa Nairobi

Shikamoo mwalimu. Naheshimu, lakini hebu itazame tena dakika za mwisho. Danny naye anakuja amebadilika. Amejiunga na riadha, amekimbia hadi akapata ile sweta yenye herufi ya shule, na wenzake wanamshangaa. Anasimama pale amevaa hiyo sweta kumsubiri Sandy. Akimwona tu, anaivua. Kila mmoja alikuwa njiani kumfuata mwenzake, na watu wengi wanamkumbuka Sandy peke yake kwa sababu mabadiliko yake yanaonekana kwa macho.

Mwalimu mstaafu, Morogoro

Marahaba. La sweta sikuwa nimelitilia maanani. Nitaitazama tena na wajukuu. Sigara bado siikubali.

Mwanzisha mada

Mwalimu, hoja yako ni nzito na siipuuzi. Mimi niliyokuwa mtoto niliona jambo jingine pale: aliyekuwa anaonewa na kuchekwa sasa anatembea kifua mbele. Olivia mwenyewe aliingia kwenye kazi ile na hofu. Alikuwa na miaka 28 wakati wanaanza kupiga picha, akahisi ni mkubwa mno kwa mwanafunzi, akaomba ajaribiwe kwanza mbele ya kamera ndipo akubali. (Stockard Channing, Rizzo wetu, alikuwa na 33.) Ile suruali zipu yake ilikuwa mbovu, ikabidi ashonewe mwilini. Nilipomsimulia mama mdogo hilo, fundi mwenzao, aliuliza haraka: "Walimfumua na nini jioni?"

Nesi wa London

Fupi tu, niko zamu. Mwaka 2010 ilitoka Grease yenye maneno ya nyimbo chini ya picha, watu waimbe sinemani. Nilipelekwa na wenzangu wa wodini kwenye sinema moja katikati ya mji. Wamama wa miaka sitini wamevaa makoti ya waridi, wanaume wamejipaka mafuta nywele. Wimbo ule wa kiangazi, wavulana upande mmoja wanamhoji Danny, wasichana upande wa pili wanamhoji Sandy, ukumbi ulijigawa wenyewe bila kuambiwa. Danny anatia chumvi, Sandy anasimulia kwa upole, sisi tunaitikia. Nilikumbuka tunavyoitikia kwenye shughuli kwetu Zanzibar. Nyimbo zile zimejengwa juu ya kiitikio, hata usiyejua ubeti una pa kuingilia. Nadhani hilo ndilo jibu la swali lako, dada. Watu wanaifuata ili waimbe na wenzao.

Mdau wa Kampala

Mie mdogo kwenu. Yangu ilikuwa High School Musical ya 2006, filamu nyingine ya nyimbo za shuleni, ile iliyopigwa Salt Lake City. Dada yangu mkubwa ndiye aliniambia, kaa hapa nikuonyeshe mama yao. Akaniwekea Grease. Kumbe hata watu wenyewe wanaunganika: Kenny Ortega, aliyeongoza High School Musical, alikuwa mmoja wa waliopanga dansi za Xanadu, filamu ya Olivia ya 1980. Yangu bado naipenda. Ila ya dada ina vijana wanaoogopa kweli.

Mkongo wa Melbourne

Jambo kwenu wote. Mimi mutu wa Uvira, tulifika Australia 2011. Filamu sikuijua kabisa. Nilimjua Olivia kwa njia ingine.

Mama yangu alishikwa na kansa ya titi. Tulimupeleka hospitali ya Austin, kule Heidelberg. Kuna jengo la wagonjwa wa kansa, na juu imeandikwa jina: Olivia Newton-John. Mama akaniuliza, huyu daktari ni nani? Nesi akacheka vizuri, akatueleza kama ni mwimbaji, alikulia hapa Melbourne, naye alipata ugonjwa huu huu mwaka 1992, akachangisha pesa ili pajengwe. Hawatibu mwili peke yake. Kuna mahali pa muziki, pa kuchora, pa kukaa tu. Mama alipenda pa muziki.

Usiku ule nikatafuta filamu, tukaitazama kwenye simu, mama amelala kitandani nami nashika. Sandy anasema ametoka Australia, mama akanikanda mkono: "Ni wa kwetu!" Tulikuwa hapa miaka saba wakati ule na ilikuwa mara ya kwanza namusikia mama anasema Australia ni kwetu.

Olivia alifariki tarehe 8 Agosti 2022. Melbourne wakawasha taa za waridi kwenye majengo makubwa ya mji. Mama alitaka kwenda kuona. Nilimusukuma kwa kiti cha magurudumu, baridi kali, akakaa anatazama mpaka mikono ikawa kama barafu. Mama yuko, anaendelea vizuri, namshukuru Mungu.

Mama wa Minneapolis

Mungu amtunze mama, ndugu yangu.

Mwanzisha mada

Mungu amtunze kabisa. Msalimie sana.

Wadau, Jumapili nilimpigia mama mdogo nikamsomea michango yote, mmoja baada ya mwingine. Sasa ana miaka sitini na sita, bado anashona, nilisikia cherehani nyuma yake. Kwa mekanika alicheka. Kwa mwalimu alisema, "Huyo ana haki yake." Kwa mama wa Melbourne alinyamaza. Nilipofika kwa binti wa Minneapolis, cherehani ikasimama. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Halafu akauliza swali moja tu: "Huyo mtoto aliuimba wote?"

Mama wa Minneapolis

Mwambie aliuimba wote, mpaka neno la mwisho. Binti nimemwonyesha mada hii. Anasema atamrekodia mama mdogo, ila anaomba asubiri mafua yapone. Nitumie namba faragha.